Kenchi Iliyopinduliwa

Mwaka 1976 Kenya haikushiriki Olimpiki ya Montreal. Nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini, na wanariadha wetu waliojiandaa kwa miaka minne wakakosa kukimbia. Watu wa rika langu wanaukumbuka mwaka ule kwa uchungu huo. Mimi naukumbuka pia kwa jambo ambalo sikulijua hadi mwaka uliofuata, nilipofunuliwa kurasa za jarida moja la Kiingereza: kwenye Ziwa Ontario, karibu na mji wa Kingston, mashua yenye bodi mbili iitwayo Tornado ilikuwa imeshindaniwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Waingereza wawili, Reg White na John Osborn, wakatwaa dhahabu.

Aliyenifunulia jarida lile alikuwa mwalimu wa useremala wa shule moja ya Mombasa. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita wote. Mimi nilikuwa mchoraji mdogo wa ramani bandarini Kilindini, kazi yangu ikiwa magati, maghala na mitaro ya maji ya mvua. Nilizaliwa Manyatta, juu ya mji wa Embu, kwenye miteremko ya Kirinyaga ambako mto mkubwa kuliko yote anaoujua mtoto ni Rupingazi, nao unavukwa kwa miguu mahali pengi. Uchoraji wa kiufundi niliupenda tangu sekondari. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, na hadi leo siijui kama anavyoijua mtu aliyezaliwa kando yake.

Mwalimu alikuwa na hoja ambayo alinieleza polepole, akirudia. Mwaka 1967 chama cha kimataifa cha mashua za mashindano kilifanya majaribio ya kutafuta katamarani ya watu wawili iliyo bora, na Tornado, iliyobuniwa na Rodney March na kuundwa huko Brightlingsea, pwani ya mashariki ya Uingereza, ikazishinda nyingine zote. Tangu hapo ikawa klasi: mashua zote duniani zenye jina hilo zinafuata mchoro mmoja, urefu mmoja, upana mmoja, tanga moja. Zikipangwa kwenye mstari wa kuanzia hakuna iliyo bora kuliko jirani yake, na atakayetangulia kufika ametangulia kwa sababu ameusoma upepo na maji vizuri zaidi. Halafu Mwalimu akanigusa bega na kuniambia lililomkosesha usingizi: "Huyu Reg White ni fundi wa mashua. Aliyeshinda dhahabu ndiye aliyekuwa akiziunda."

Alitaka klasi hiyo ianze Mombasa, na alitaka ianzie kwa mafundi. Klabu ya mashua iko Mombasa tangu 1910, lakini vijana aliowawazia Mwalimu walikuwa Likoni, Mtwapa na kwenye hori la Tudor, wamekulia ndani ya ngalawa, wanajua kubisha na kwenda joshi kabla hawajajua kuandika. Tornado za mwanzo ziliundwa kwa plaiwudi. Kama fundi wa pwani angeweza kuunda bodi mbili zile mwenyewe, klasi ingekuwa ya pwani. Mwalimu alikuwa amekwisha kununua michoro rasmi kutoka Uingereza, kwa sababu huwezi kuunda mashua ya klasi kwa kubahatisha. Lazima iwe na michoro halali na hati ya vipimo. Alichokosa ni karatasi moja kubwa ya kutundika ukutani, yenye maelezo ya Kiswahili, itakayomfanya fundi asimame, aangalie na kusema naweza.

Wenzake wawili walitaka picha. Walitaka bodi moja iko hewani, povu linaruka, mtu ananing'inia kwenye waya nje ya mashua, machweo nyuma yake. Mimi nilikataa, na nilikataa kwa ukali kuliko ilivyopasa mtu wa umri wangu. Picha ya namna ile inamwambia mtazamaji kwamba wako watu mahali fulani wanaofurahi. Mchoro wenye vipimo unamwambia: chukua rula, nihakiki. Nilikuwa nimekaa miaka kadhaa na mafundi wa bandarini na nilijua fundi anavyoangalia karatasi. Haangalii katikati kwenye madoido. Macho yake huenda moja kwa moja kwenye viungio, kwa kuwa huko ndiko vitu huvunjikia.

Mwalimu akaniunga mkono. Akasema karatasi iwe tayari Januari, kaskazi ikiwa imetulia. Bao la ofisi halikuwa la kazi za nje, basi mwezi Desemba 1977 nilipopata likizo nikaviringisha michoro yake kwenye mkebe wa bati, nikapanda treni ya usiku hadi Nairobi, kisha basi la Embu, kisha matatu ya Kianjokoma iliyonishusha Manyatta.

Nyumbani kulikuwa na neema ambayo sijaiona tena. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ilipanda duniani kote hadi mwaka 1977 ikafika mahali ambapo wazee wetu hawakuwahi kupaota. Embu yote ilikuwa inajenga. Baba alikuwa amebomoa nyumba ya zamani na kuinua ya mbao na mabati, na nilipofika mafundi walikuwa wanamalizia paa. Mlango wa mbele ulikuwa umerandwa vizuri lakini haujatiwa bawaba. Nikaomba ubao ule, nikaulaza juu ya mapipa mawili kando ya dirisha la mashariki, nikapata bao la kuchorea lililonyooka kuliko la ofisini.

Karatasi ya trasi hupenda kunywa unyevu. Asubuhi ukungu wa Kirinyaga ulipoingia dirishani, karatasi ilivimba kidogo, na mstari niliouchora jana kwa urefu kamili ulikuwa umeongezeka. Jua likipanda unarudi. Kwa mtu anayechora ghala hilo si neno. Kwa bodi ya mashua, ambayo mikunjo yake yote lazima ikubaliane, ni shida ya kweli. Nikajifunza kutogusa wino kabla ya saa nne. Asubuhi nilichuma kahawa pamoja na wengine, na baada ya saa nne nikachora.

Bodi ya mashua huchorwa kwa mionekano mitatu: ubavuni, juu, na kukatwa vipande kutoka mbele. Ukichukua nukta yoyote kwenye mmoja, lazima uikute mahali pake kwenye mingine miwili. Mkunjo huchorwa kwa kuufuata ubao mwembamba unaopindika, uliozuiwa kwa vizito vya risasi. Ubao ukipinda kwa ulaini, mbao nayo itapinda kwa ulaini. Ubao ukigoma mahali, hapo pana kosa la hesabu. Hii ni kazi inayomtuliza mtu, na niliipenda kuliko ghala lolote nililolichora. Tornado ina urefu wa mita 6.10 na upana wa mita 3 hivi. Upana ni karibu nusu ya urefu! Kwa kipimo cha 1 kwa 10, mwonekano wa juu ulikaa vizuri kwenye karatasi ya A1. Lakini mlingoti wenye mita 9 hivi ungekuwa na sentimita 90, na karatasi ina 84.1. Basi tanga na mlingoti nikaviweka pembeni kwa kipimo cha 1 kwa 20, nikaiacha nafasi kubwa ya katikati kwa mchoro wa isometriki wa mashua iliyofumuliwa: bodi huku, bodi kule, boriti mbili za alumini, kitambaa cha kukalia, mbao za kushusha majini, sukani mbili, kila kimoja kimesogezwa kidogo kutoka mwenzake ili uone kinaingia wapi.

Nilichagua isometriki kwa makusudi. Picha ya kawaida hufanya kilicho mbali kiwe kidogo, na ukikipima unadanganyika. Isometriki haifanyi hivyo. Mistari yake ya pembe 30 hubeba vipimo vya kweli, na mtu asiyejua kusoma mionekano mitatu anaiona mashua nzima kwa mara moja na bado anaweza kuipima.

Majirani walikuja kutazama. Ilikuwa msimu wa wageni, na habari kwamba kijana wa Bandarini anachora mashua juu ya mlango wa baba yake ilifika hadi Kibugu. Wengi walipenda mistari ilivyo safi wakaenda zao. Baba alikaa. Siku ya kwanza hakusema. Siku ya pili alikuja na futi yake ya chuma, akapima bodi kwenye karatasi, akazidisha kwa kumi, akaitikia kichwa. Kisha akaweka kidole katikati ya boriti ya mbele, pale mlingoti unapokalia.

"Mwanangu, huu mti mrefu umesimama juu ya nini?"

Nikamwambia umesimama juu ya boriti.

"Na chini ya boriti kuna nini?"

"Hewa, Baba. Halafu maji."

"Basi itavunjika hapa."

Alikuwa ameona jambo ambalo kwenye karatasi yangu lilijificha. Kwenye mashua ya bodi moja mlingoti hukaa juu ya mkuku na nguvu zote hushukia kwenye mti mnene. Kwenye katamarani mlingoti unasimama mahali pasipo na chochote, katikati ya bodi mbili, na kamba zinazoushikilia zinaukandamiza chini kwa nguvu kubwa kila upepo unapojaza tanga. Kinachoizuia boriti isipinde ni kigingi kifupi kilichoelekea chini, na mshipi wa chuma unaotoka ncha moja ya boriti, kupita chini ya kigingi na kupanda hadi ncha ya pili. Kilikuwemo kwenye michoro ya Uingereza, lakini mimi nilikichora kidogo mno, kimefichwa na kitambaa.

Nikakichora pembeni kwa penseli, kikubwa. Baba alikitazama, akainua macho kwenye paa lake jipya, akakirudia.

"Hii ni kenchi," alisema. "Mmeipindua."

Ndivyo ilivyo. Kenchi ya nyumba ina mti wa katikati na miguu miwili inayobeba uzito wa paa. Ukiigeuza juu chini, palipokuwa panasukumwa panavutwa, na palipokuwa panavutwa panasukumwa, lakini umbo linabaki lile lile. Mtu aliyejenga nyumba Manyatta anazijua nguvu zinazoshika mashua Kingston. Siku ile nilifuta kona nzima ya kushoto, nikaondoa pambo la dira nililokuwa nimeliweka kwa kujionyesha, na hapo nikachora kiungio cha boriti kwa kipimo cha 1 kwa 2, chenye mishale ya nguvu, kwa wino mzito. Mama alipouliza kwa nini naharibu kitu kizuri, Baba akamjibu kwa niaba yangu kwamba sasa ndipo kinapokuwa cha kweli.

Januari 1978 nilirudi pwani. Mwalimu alitoa nakala kwenye mashine ya nakala iliyonuka amonia, na ya kwanza tukaipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa ngalawa na mashua mwenye asili ya Lamu, aliyekuwa na banda lake kando ya hori la Tudor. Kule kwao, hasa Matondoni, vyombo vimekuwa vikiundwa vizazi kwa vizazi bila karatasi. Fundi anaanza na mkuku, anapandisha taruma kwa jicho, na chombo kinatoka kimenyooka omo hadi tezi. Mwalimu alikuwa na wasiwasi kwamba karatasi yetu itamuudhi.

Mzee aliitandaza juu ya mbao, akaiwekea mawe pembeni. Majina ya sehemu niliyoyaandika aliyapitia mojamoja, na mawili akayasahihisha. Kiungio cha kenchi alikitazama kwa muda, akasema ni akili. Kisha macho yakaenda kwenye kona ya chini kulia, nilipochora jinsi bodi inavyoundwa: vipande vya plaiwudi nyembamba hukatwa vikiwa bapa, vikashonwa kwa waya wa shaba kwenye mstari wa mkuku, kisha vikainuliwa kama vilivyo, na mbao kwa kulazimishwa ikajipinda yenyewe kuwa tumbo la mashua. Mshono hufunikwa kwa gundi na utepe wa nyuzi za kioo.

"Maalim," alimwambia Mwalimu, bila kuniangalia mimi, "hii si imeshonwa hii?"

"Imeshonwa, Mzee."

"Kwa hiyo Wazungu wamerudi kwenye mtepe."

Pwani yote ya Waswahili iliwahi kuwa na mitepe, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja, vyenye tanga la mkeka. Iliacha kuundwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na wazee wa mzee huyu walikuwa wamesafiri nayo. Alituhadithia kwa nini mshono ulipendwa: chombo kilichoshonwa kinapinda kikigonga mwamba na hakipasuki. Aliongea hadi alasiri. Mimi niliandika kila alichosema nyuma ya nakala, kwa penseli, na ninaamini kwamba karatasi ile ilifanya kazi yake saa ile, kabla hatujamwomba chochote.

Ila alikuwa na pingamizi moja, na lilikuwa zito. Mwalimu alipomweleza kwamba mashua zote za klasi lazima zilingane, uso wake ulibadilika. Maishani mwake hakuwahi kuunda ngalawa mbili zinazofanana. Kila gogo lina tabia yake, kila mwenye chombo ana maji yake anayoyavua. "Mnanitaka nirudie chombo cha mtu mwingine. Mimi nitakuwa wapi ndani yake?"

Mwalimu alizungumza juu ya haki ya mashindano, kwamba mshindi ajulikane bila ubishi. Alimtajia hata katamarani ya Nathanael Herreshoff, Amaryllis, iliyozishinda mashua zote huko New York mwaka 1876, kisha ikazuiwa kushindana na zile za kawaida kwa sababu haikufanana nazo. Miaka 100 kamili ikapita kabla ya katamarani kufika Olimpiki, na ilifika kwa kukubali kufanana. Mzee alisikiliza kwa adabu. Hakushawishika.

Hapo nikasema jambo ambalo mchoraji yeyote wa bandarini analijua, lakini halikuwemo kwenye karatasi yangu. Hakuna kipimo kilicho sawasawa. Michoro rasmi inatoa namba, na kando ya namba inatoa tofauti inayoruhusiwa, milimita kadhaa juu na kadhaa chini, kwa kuwa hakuna mkono wala msumeno unaopiga nukta ile ile mara mbili. Sheria za klasi haziulizi kilichomo ndani ya milimita zile.

Mzee akauliza, "Hizo milimita ni za nani?"

Nikamjibu, "Ni zako, Mzee."

Akaomba aonyeshwe zote. Tukakaa na michoro ya Uingereza, nikimsomea, kipimo baada ya kipimo, naye akikunja vidole. Juma lile nikachora toleo la pili la karatasi. Tanga nikalipunguza, na mahali lilipokuwa nikaweka jedwali la tofauti zinazoruhusiwa, lenye kichwa cha habari kilichotoka kinywani mwake: Milimita za Fundi. Toleo la kwanza lilikuwa limetundikwa kwenye banda moja tu. La pili liliombwa na mafundi wa Likoni na Mtwapa kabla sijamaliza kukausha wino.

Bodi mbili ziliundwa kwenye banda la Tudor mwaka ule. Siku ya kuzipima Mwalimu alikuja na kalibu za mbao, akazivalisha kwenye bodi kituo baada ya kituo, mimi nikiandika. Zote zilikuwa ndani ya mipaka. Kwenye vituo vya omo, mzee alikuwa ametumia tofauti yote aliyoruhusiwa, akaufanya mwanzo wa bodi kuwa mnene kidogo, kwa sababu, alisema, mawimbi mafupi ya hori hili yatauzamisha wembe ule wa Wazungu. Mwalimu alicheka hadi akaketi. Mlingoti, boriti na tanga vililetwa kutoka nje, na kabla ya kusi kwisha niliiona Tornado ile ikikata maji ya Tudor kwa kasi kuliko ngalawa yoyote, bodi moja ikinyanyuka. Katika kubisha ilikuwa nzito kugeuka, na vijana wa ngalawa waliipita mara kadhaa pale, wakipiga kelele za furaha.

Klasi haikuanza. Mashua moja si klasi. Kahawa ilishuka bei, na nchi ikapungukiwa na fedha za kigeni. Mwisho wa 1978 serikali ikabana uagizaji wa bidhaa, na mwaka uliofuata mafuta yakapanda. Plaiwudi ingeweza kupatikana. Gundi isiyoogopa maji na milingoti ya alumini havikupatikana kwa bei ya fundi. Kwa hiyo kilichojenga nyumba ya Baba kikapungua, na bandani kwa mzee kikapungua vilevile. Inaniuma hadi leo, kwa sababu mafundi walikuwa tayari na vijana walikuwa tayari.

Tornado yenyewe ilidumu Olimpiki hadi 2008, na tangu 2016 katamarani imerudi humo kwa jina la Nacra 17, mwanamume na mwanamke katika mashua moja.

Mimi nilistaafu nikarudi Manyatta. Nakala moja ya toleo la pili niliipa karakana ya mafunzo ya ufundi iliyo karibu nasi, na mwalimu wa pale huitumia kufundisha isometriki. Wanafunzi wake wengi hawajaona bahari. Kona ya kenchi wanaielewa upesi, maana nusu yao baba zao ni maseremala. Mwaka jana alinijia na ombi: anaichora upya kwenye kompyuta, na angependa kuliondoa lile jedwali, kwa kuwa linawachanganya; yeye anawafundisha kwamba kipimo ni kimoja na lazima kifikiwe. Nilimwambia aondoe tanga, aondoe sukani, aondoe hata jina langu kwenye kisanduku cha chini. Jedwali aliache kama lilivyo, na juu yake kichwa kile kile. Amekubali kuliacha, lakini bado anabishana nami juu ya ukubwa wa herufi.